Neno Kando ya Jina la Fundi

Nilipigiwa simu Ijumaa asubuhi kwamba fundi seremala wa kwetu Mwamkulu amefariki, na kabla ya kusikitika nilijiuliza aliyenipigia anajua nini. Hofu hiyo ina miaka mingi. Wakati tunajenga kanisa, msimamizi kutoka mjini alituachia karatasi ya majina ya mafundi, na kando ya jina la seremala huyu aliandika neno moja la Kiingereza: "rough". Kamati ya ujenzi ikanigeukia mimi. Kwa kuwa naandika gazetini, walidhani nimesoma sana. Kiingereza changu ni cha uwanja wa mpira. Nikasema, "Huyu anacheza rafu. Tumwangalie." Kazi akapewa mwingine.

Tangu siku hiyo kila alichofanya kilitutia shaka. Alikuwa mkimya, tukasema anaficha. Akija na shati lenye vumbi la mbao, tukasema rafu yenyewe ndiyo hiyo. Aliyemwita kutengeneza mlango alikaa pembeni akihesabu misumari. Siku moja alinisimamisha njiani, akaegemeza baiskeli yake mtini. "Kaka, nyie wa kamati, nimemkosea nani?" Nikamjibu ni maneno ya watu tu. Akachukua baiskeli yake bila kuniaga, nikashuku kwamba anajua.

Msimamizi aliporudi alituuliza yuko wapi yule wa mbao za paa. Akatueleza huku akicheka kwamba neno lile lilikuwa la aina ya mbao za kazi yake: zisizopigwa randa. Kenchi ya paa haihitaji mbao laini. Nani atazipapasa kule juu? Nami nikacheka. Baadaye nilimnong'oneza mwenyekiti kwamba kosa lilikuwa langu, basi. Nilijiambia ukweli utatembea wenyewe. Haukutembea. Juzi makaburini msoma wasifu alisema marehemu alikuwa "rafu kidogo, ila fundi," watu wakacheka chinichini, nami nikainamisha kichwa kama mfiwa.

Neno hilo lina maana nyingi: kuna rafu ya mpira, rafu ya mavazi, na daftari la rafu la mwanafunzi. Katika zote tulichagua iliyo mbaya, na nashuku ndivyo tunavyowasoma watu wote tusiowaelewa. Husemwa lisemwalo lipo. Mimi siliamini tena, maana hili halikuwepo, nililileta mimi. Ukikuta neno kando ya jina la mtu, muulize aliyeliandika kabla hujawasomea wengine. Na nyie mliocheka makaburini, nawaambia leo nilichopaswa kusema nikiwa nimesimama: rafu zilikuwa mbao.