Kiti cha Omo

Arlis Pruett alikijua kisogo cha kaka yake kuliko alivyoijua sura yake mwenyewe. Sura yake aliiona asubuhi tu akinyoa, tena kwa haraka. Kisogo cha Denzil alikitazama kila Jumamosi kutwa, tangu kilipokuwa na nywele hadi kilipobaki upara na mikunjo chini ya kofia ya kampuni ya mbegu. Ndiyo maisha ya mtu wa tezi. Katika mto Hazel, huko kwenye milima ya Missouri, watu wawili wakiingia kwenye mashua, mmoja hukaa omo, mbele, na fimbo yake ya kuvulia, mwingine hukaa tezi, nyuma, na kafi. Wa omo ndiye anayevua. Wa tezi huishikilia mashua isichukuliwe na mkondo, huisogeza mpaka pale samaki alipo, na kama anaijua kazi, kafi haitoki majini hata kidogo, maana tone moja likidondoka, kahawia keshasikia.

Kahawia ni jina wanalompa samaki aitwaye besi wa mto ule, kwa rangi yake. Si samaki mkubwa, lakini ana jeuri. Akinaswa huruka juu na kutikisa kichwa kama binti anayekataa posa, kisha hupiga mbizi chini ya mawe, na ukizubaa umebaki na mshipi mtupu. Aliyewahi kumshika huyo hana hamu tena na samaki wa bwawani.

Mzee Pruett, baba yao, alikuwa mtu wa haki, au ndivyo alivyojiona. Aliitengeneza mashua kwa mikono yake, akachonga na kafi, na kwenye mpini wa kafi akaunguza alama kwa msumari wa moto. Sheria ilikuwa moja: mwenye omo akivua kahawia anayefika alama, anampisha mwenzake. Samaki analazwa mdomo kwenye ncha ya mpini, mkia unabanwa kwa vidole urefuke, anapimwa. "Na mkubwa ndiye anayeanza," mzee alisema. Mkubwa alikuwa Denzil. Akaanza, na hakumaliza.

Kwani Denzil hakuwa anabana mkia. Alimlaza samaki na mkia wake umetanuka kama upepeo, basi akawa amepungua kidogo tu, upana wa kidole. "Hafiki, dogo," angesema. "Pole. Labda yule wa mbele." Na siku alipovua aliyepita alama hata mkia ukiwa wazi, ilikuwa mgongo unamuuma, au mvua inakuja, au kituo cha kushukia kiko karibu, kubadilishana kuna faida gani?

Arlis aliona. Aliona tangu siku ya kwanza, hakuwa mjinga. Lakini kwao mkubwa ni mkubwa, na kumwita kaka yako mwizi kwa sababu ya samaki kulikuwa aibu kuliko wizi wenyewe. Akanyamaza. Akafanya kazi katika kiwanda cha mbao za mapipa, akaacha kidole kwenye msumeno, akamwoa Oleta, na kila Jumamosi akapiga kafi. Dukani, Denzil alisimulia samaki wake kwa mikono iliyopanuliwa, na watu wakasema hakuna mtu wa mto kama yeye. Nani aliishikilia mashua? Hilo halikuulizwa.

Oleta ndiye aliyekuwa na kinywa. "Wewe ni punda wa Denzil," alimwambia mumewe.

"Siku yangu yaja, mama."

"Yaja kwa miguu gani? Hata punda hufunguliwa jioni."

Krismasi moja akamnunulia fimbo nzuri ya kuvulia, ili amtie aibu achukue hatua. Arlis aliitundika ukutani. Oleta alikufa na fimbo haijalowa. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini, na huyu hakutegemea shamba wala ng'ombe, alitegemea kiti tu.

Vuli moja Denzil akatangaza kwamba anahamia Tulsa kwa binti yake. Mashua ameshampa mtu anayetaka kuitundika kwenye ukuta wa hoteli yake ya chakula, watu waitazame wakila. Hakumuuliza Arlis. Ilikuwa imebaki safari ya Jumamosi moja tu, na Arlis alijua anachokitaka. Chini ya jabali ambapo kanisa lao hubatizia watu kuna maji marefu yaitwayo Kilindi cha Mhubiri, na katikati yake jiwe lililopasuka. Ndani ya ufa ule hukaa kahawia mkubwa. Akiondoka mmoja, mwingine hurithi. Arlis alikuwa amewaona kutoka tezi miaka yote, mikono yake ikiwa na kazi. Alitaka kutupa ndoana pale mara moja kabla mashua haijawa pambo. Asubuhi hiyo akaitungua fimbo ya Oleta.

"Umekuja na fimbo?" Denzil akacheka. "Unakwenda kuchokoa nyuki?"

"Nakwenda kuvua, kaka."

"Haya bwana. Siku haijaisha."

Waliteremka na mkondo. Majani ya mialoni yalikuwa yameanza kuwa mekundu, maji yako safi, kokoto zinaonekana. Walikula mikate yao ya soseji na jibini. Juu kidogo ya Kilindi, fimbo ya Denzil ikapinda. Akamvuta, akamtoa, akamlaza kwenye mpini ambao Arlis alimnyooshea kama kawaida.

"Hafiki, dogo. Pole."

"Bana mkia."

Denzil akageuka. "Nini?"

"Mkia. Baba alisema ubanwe."

"Leo ndiyo umeyakumbuka ya baba?"

"Sijawahi kuyasahau. Bana mkia, Denzil."

Hakumwita kaka. Denzil akamtazama, akautazama mkia, akaubana. Samaki akaipita alama bila ubishi. Denzil akamrudisha majini taratibu, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Sikiliza, mgongo wangu leo..."

"Njoo huku nyuma."

Wakaegesha kwenye kokoto wakabadilishana. Arlis akakaa omo. Mbele yake hapakuwa na kofia, hapakuwa na kisogo, palikuwa na mto tu. Alifurahi mpaka akaona haya, mzee mzima. Akamtunga kamba wa mtoni kwenye ndoana. Jiwe lililopasuka lilikuwa likija.

"Nishikilie hapo juu, kaka. Polepole. Usitoe kafi majini."

Akasikia kafi ikigonga ubavu wa mashua. Ko! Kisha ikapiga maji kama nguo za kufua. Mashua ikaanza kwenda upande.

"Rudisha! Chomeka kafi kulia! Kulia, Denzil!"

Ikageuka kabisa ikaenda ubavu, ikapita juu ya jiwe lenyewe. Arlis akainama na kumwona: mgongo mpana wa kahawia ulitoka kwenye ufa ukapotelea kwenye giza la maji. Mashua ikajibamiza kwenye jabali, ikateka maji, ikazunguka, ikatupwa kwenye maji mafupi chini ya Kilindi na kukwama.

Arlis akageuka na tusi liko mdomoni. Amefanya kusudi! Kisha akaona jinsi Denzil alivyoishika kafi, kwa mikono miwili, kama ufagio. Uso umempauka.

"Sijui," Denzil alisema.

"Hujui nini?"

"Kupiga kafi. Sijawahi kujua. Baba alinijaribu siku moja, nikaipindua mashua, akanicheka mbele ya kanisa zima. Wewe hukuwa hata umeanza kutembea vizuri."

"Ungeniambia."

"Ningekuambiaje? Mimi ndiye mkubwa."

"Ningekufundisha asubuhi moja tu."

"Najua," Denzil akasema, akitazama maji yaliyojaa miguuni.

Heri ungekuwa uroho. Uroho Arlis angeuelewa, hata yeye alikuwa nao. Lakini Jumamosi zake zote, na maneno yote ya Oleta, vililiwa na haya ya mtu mmoja, haya ndogo ya kitoto. Alimchukia kaka yake pale, akajichukia na yeye kwa kunyamaza. Lakini chuki haipigi kafi, na kituo cha kushukia kilikuwa bado mbali. Nenda tezi nenda omo, marejeo ni ngamani. Wakakumba maji. Arlis akaichukua kafi mkononi mwa kaka yake, akarudi nyuma.

Wakapita makona. Denzil hakujua aiweke wapi mikono yake. Mwishowe akaokota fimbo iliyolala mbele, fimbo ya Oleta, akatupa ndoana kwa mazoea, labda hata hakufikiri. Kahawia akaidaka papo hapo. Aliruka, akatikisa kichwa, akapiga mbizi, akaruka tena, na fimbo mpya ikapinda vizuri kabisa. Denzil akamtoa. Akamshika vile vile bila kugeuka.

Arlis akamnyooshea mpini.

Denzil akamlaza samaki. Mkia ulikuwa wazi, umetanuka wote, na bado ulikuwa umeipita alama. Denzil akafungua mdomo kukiri.

"Hafiki," Arlis akasema.

"Arlis..."

"Nimesema hafiki. Mrudishe majini."

Denzil akamrudisha. Kisogo chake kilikuwa kimeiva kwa wekundu hadi masikioni. Arlis akaizamisha kafi, na mpaka wanafika haikudondosha tone.