Nilimwahidi Mkwe Treni Mpaka Getini Uwanjani

Jina langu liacheni. Hapa Goba habari hii imeshazagaa nusu, na hiyo nusu inanitosha. Ila nasema wazi kosa ni langu. Si la foleni, si la dereva, si la serikali. Ni mdomo wangu huu huu!

Nina mchumba, nimwite Neema. Nilipeleka posa kwao Kondoa, majibu hayaji. Kumbe baba yake kasema hatoi binti kwa mtu ambaye hajakaa naye akamsikia anavyoongea. Akaamua kuja Dar mwenyewe, akafikia kwa dada yake hapa hapa Goba.

Alipanda basi mpaka Dodoma, pale akachukua treni ya umeme. Mara yake ya kwanza, mzee wa watu! Alifika hana habari na mimi wala posa, ni treni tu.

"Chai haikumwagika," anatuambia. "Kikombe kimejaa, treni inakimbia, chai haikumwagika!"

Sasa mzee ni shabiki wa kijani na njano tangu ujana. Timu yake anaisikilizaga redioni, hajawahi kuiona kwa macho. Na Jumamosi kulikuwa na mechi kubwa Uwanja wa Taifa, kule Temeke. Nikamwambia nitampeleka. Akauliza, "Na huko uwanjani treni inafika?"

Hapo ndipo nilipojimaliza! Ningesema tu, "Hapana baba, tutaungaunga magari," ningepungukiwa nini? Lakini nilitaka nionekane mwenyeji. Nikajibu, "Baba! Inakushusha getini kabisa. Unatoka kwenye behewa, unaingia jukwaani."

Neema alinikata jicho kutoka mlango wa jikoni. Mzee akaitikia kwa kichwa taratibu. "Vizuri," akasema. "Tukishatoka uwanjani, tutazungumza ile posa."

Mnanielewa lakini? Ndoa yangu nimeitundika kwenye reli ambayo haipo!

Jumamosi nikaja na uongo wa pili. Nikasema treni iko matengenezo.

"Zote?" akauliza.

"Ya Temeke tu, baba."

Akavaa kanzu, koti na kofia, akashika bakora yake. Mie nikavaa jezi. Tukachukua bajaji mpaka Mwenge. Mpango nilikuwa nao. Siku ya mechi matawi ya mashabiki wanakodi Coaster, wanavaa sare, wanatanguliza matarumbeta kwenye pikapu. Ukiwa na jezi wanakubeba. Ndivyo nilivyozoea.

Na kweli, tumesimama kidogo tu, matarumbeta hayo! Nyuma yake Coaster, watu wa kijani na njano watupu, vigelegele mpaka barabarani. Sikuuliza kitu. Nikapunga mikono, "Leo wanatukoma!"

"Wanatukoma!" wakaitikia gari zima.

Mama mmoja akamwona mzee na kanzu yake. "Simamisheni jamani, mzee kaachwa!" Wakampisha siti ya mbele. Mimi akanitazama jezi kuanzia shingoni. "Sare hukupata, umejiongeza. Safi sana!"

Mtu mwenye akili angeshtuka hapo. Mie nikacheka, nikamshukuru.

Gari likashika Barabara ya Bagamoyo, kuelekea Tegeta. Temeke iko upande mwingine kabisa wa jiji, hata mgeni anajua! Mzee akageuka, "Kijana, mbona tunaliacha jiji nyuma?"

"Dereva anakwepa foleni, baba."

Yaani uongo ukishaanza unazaa wenyewe.

Tumeipita Tegeta, yule mama akaja na maua ya kubandika kifuani. Akapiga goti kidogo. "Shikamoo baba. Nyie ni upande wa bwana au wa bibi?"

Ilikuwa harusi! Zile sare ni vitenge vya shughuli, na matarumbeta ni ya kukodi, leo yako kwenye mpira, kesho kwenye ndoa. Ningeuliza swali moja tu pale Mwenge!

Mzee hakutikisika. "Marahaba mwanangu. Wa bibi," akajibu. "Mimi ni baba wa binti."

Nikainuka nimwambie dereva atushushe. Mzee akanivuta jezi. "Kaa chini. Ulisema getini. Twende tukalione hilo geti."

Geti lilikuwa la ukumbi, Bunju. Tukapelekwa meza ya wazee, tukaletewa pilau. Katikati ya shughuli MC akatangaza kwamba kijani na njano wamefunga bao. Ukumbi ukaruka! Mzee hakuruka. Alifumba macho, akatega sikio kwenye spika, kama vile yuko kwao na redio yake. Nikaisogeza sahani pembeni. Ametoka Kondoa yote hiyo kuja kulisikia bao tena, na aliyemfanyia hivyo ni mimi.

Halafu MC akaita wazee wa upande wa bibi watoe nasaha. Mzee akasimama! Akashika kipaza sauti.

"Mwanangu," akamwambia bibi harusi, "mumeo akikosa, mvumilie. Akichelewa, muulize. Lakini akikwambia kuna treni, mwambie twende stesheni kwanza nikaione."

Watu wakapiga makofi bila kuelewa. Bwana harusi alipiga kuliko wote. Mimi nilikuwa nimeinama, natafuta kijiko ambacho hakijaanguka.

Kesho yake nikapiga magoti sebuleni kwa shangazi yake Neema. Nikasema yote. Hakuna treni ya uwanjani, baba, haijawahi kuwepo, nisamehe.

"Nilijua tangu siku ile ile," mzee akasema. "Nilimuuliza dada yangu."

"Sasa baba, mbona ulikubali?"

"Nilitaka nione utasema lini."

Nikamuuliza kuhusu posa. Akaichukua bakora yake.

"Nimekusamehe. Lakini mimi sibadili neno langu. Nilisema tukishatoka uwanjani tutazungumza, na uwanjani hatujafika. Siku treni itakaponishusha getini, nipigie."

Neema alicheka mpaka akalia, kisha akalia kweli.

Mzee alirudi zake na treni yake, na chai haikumwagika, maana alipiga simu kutuambia. Tangu hapo nikimpigia kumsalimia, marahaba haijaisha mdomoni anauliza, "Reli imefika wapi?" Na mie nikiona vijana wanapima barabara huko Temeke, nashuka kwenye gari kuwauliza, "Kaka, hii ni reli?" Wananijibu, "Mtaro huu, braza."

Nyie mnaotafuta wake, nisikieni! Mkwe akikuuliza njia, mwambie njia ilivyo, na mabonde yake. Na kama kuna mhandisi wa reli anasoma hapa, nakuomba ndugu yangu, mambo ya taifa yaweke pembeni kidogo. Temeke ni hapo tu, na Neema anangoja.