Diski ya Darasa la Sita

Kila nipitapo soko la Mamboleo na kukuta akina mama wamemwaga omena, dagaa wa ziwani, juu ya magunia, shingo yangu huanza kuwasha. Si uzee. Ni harufu ile ile ya kipande cha mti kilichokatwa kutoka kwenye boya la wavu, kikatobolewa tundu, kikatiwa kamba ya nailoni, kikaning'inia shingoni mwangu karibu kila jioni nilipokuwa darasa la sita katika shule moja ya msingi kule Asembo Bay. Tulikiita diski. Jasho la watoto wengi lilikuwa limekilainisha, lakini harufu ya samaki haikukitoka.

Ninaandika haya kwa sababu majuzi, katika mkutano wa wazazi shuleni kwa mjukuu wangu, watu walitaka kiboko kirudishwe. Nikasimama, nikakataa. Mzee mwenzangu akanitazama kwa huruma, akasema, "Bwana, wewe ulichapwa. Na si umekuwa mtu?" Wazazi wakacheka, nami nikaketi. Jibu lilinijia nikiwa njiani kwenda nyumbani, kama kawaida ya majibu mazuri. Nawapa nyinyi.

Sheria ya diski ilikuwa rahisi. Asubuhi, mtoto wa kwanza kusikika akisema Dholuo, lugha yetu ya nyumbani, ndani ya ua wa shule alivishwa. Alikaa nayo mpaka amsikie mwingine, amvishe huyo. Kengele ya jioni ilipolia, aliyebaki nayo alilala kifudifudi juu ya benchi la mbele, na Mwalimu Okeyo, mwalimu wetu wa darasa, mtu mrefu aliyeinama kila apitapo mlangoni, akafanya kazi yake. Mwalimu mkuu alipenda kutuambia kwenye gwaride, "Samaki mkunje angali mbichi." Mimi mwana wa mwuza samaki, methali hiyo ilinichekesha. Mama alikunja mbuta wadogo kila siku kabla ya kuwapandisha kwenye moshi, mkia ukielekea mdomoni. Aliwakunja kwa vidole vilivyolowa maji, polepole, kana kwamba analaza mtoto. Ukitumia nguvu samaki anapasuka, na aliyepasuka hapati mnunuzi. Sikuwahi kumwona Mama akimpiga samaki.

Sasa, kwa nini diski iliishia kwangu? Dawati moja nami aliketi Ouma, mvulana mwembamba ambaye kaptura yake ililowa hata kabla fimbo haijamgusa. Dholuo ilimponyoka alipoogopa, naye aliogopa kila wakati. Kengele ilipokaribia, kama diski iko kwake, nilisimama mbele yake nikasema kwa Dholuo, kwa sauti, upuuzi wowote, kama vile ng'ombe wa mwalimu mkuu ana tumbo la kuendesha. Ouma hakuwa na budi kunivisha. Msinidhanie mtakatifu. Nilikuwa na kiburi tu. Niligundua kwamba naweza kulala juu ya lile benchi bila kutoa chozi, nikainuka nikicheka, na nilipenda kuuona uso wa Mwalimu Okeyo baada ya hapo. Nilitaka yeye ndiye achoke kwanza.

Mwalimu mkuu ndiye aliyechoka. Alimwita Mama, akamwambia mbele yangu kwamba nikionyesha utovu wa adabu kwa mwalimu mara moja tu zaidi, nitarudi nyumbani moja kwa moja, kwani ziwani kuna nyavu zinazongoja wavulana wa kuzivuta. Mama alishukuru, akafunga leso yake upya, akaninyamazia njia nzima. Afadhali ningechapwa mara kumi kuliko ule unyamavu.

Ndipo akaja Madam Nafula. Alitoka chuo kikuu kule Nairobi, mwanasaikolojia, na tulipoambiwa aitwe Daktari, kijana mmoja alimletea mashilingi, yaani choa, ya kichwani mwake ayatibu. Alicheka, akampeleka zahanati yeye mwenyewe. Siku za mwanzo aliketi nyuma ya darasa akitutazama tu, hata tukasahau kwamba yupo. Kisha akaeleza utafiti wake: alitaka kujua kama mtoto hutengenea zaidi jema lake likionwa kuliko baya lake likipigwa. Aliomba darasa letu lijaribiwe kwa muhula huo. Fimbo ipumzike. Dholuo isiwe kosa. Na diski igeuzwe: ukimwona mwenzako akitenda jambo jema, unamvisha, unasema "Nimekuona," halafu unalitaja jambo lenyewe.

Sisi tukajua ni mtego. Tangu lini diski ikawa zawadi? Basi tukaanza kukimbia wema kama tulivyokimbia Dholuo. Ubao haukufutwa. Chaki ikianguka iliachwa palepale. Atieno, msichana aliyeketi mbele yetu, alikuwa na desturi ya kuwatekea maji watoto wadogo. Akaanza kuwatekea kwa kificho nyuma ya vyoo, na alipoonwa alilia, akaapa kwamba hakumsaidia mtu. Darasa letu likawa ovu kuliko yote shuleni, na walimu wengine walipita dirishani wakimwuliza Mwalimu Okeyo kwa kicheko kama malaika wake wameota mbawa. Fimbo yake ilikaa juu ya kabati, na nilimwona akiiangalia.

Jioni moja Madam Nafula alikuja hadi dawati letu, akanivisha diski mwenyewe mbele ya wote. "Nimekuona," akasema. "Zile siku za mwanzo, nilikuona unavyoichukua kwa Ouma."

Nilisikia uso ukiniwaka. Fimbo nilijua kuibeba, hilo sikujua pa kulitia. "Mimi sikumsaidia mtu," nikamwambia, nikaivua, nikaitia mfukoni. Hakunilazimisha. Ilibaki humo mfukoni hadi kesho yake.

Na kesho yake Madam alikuwa amekwenda Kisumu mjini. Mchana ule, mvua ikiwa imetoka kunyesha na paa la mabati likifuka mvuke, Ouma aliitwa ubaoni kuchora duara. Bikari ya mbao, ya pekee shuleni, ikamvunjikia mkononi. Mguu mmoja wa bikari ukabingirika hadi chini ya kabati.

Mwalimu Okeyo alinyoosha mkono juu ya kabati, akaishika fimbo, akaifuta vumbi kwa kiganja. Ouma alilala juu ya benchi bila kuambiwa, na maji yakaanza kutiririka chini yake. Mkono wa mwalimu ukapanda. Tulisikia mashua ikipigwa nyundo kule ufuoni, ko, ko, ko. Mkono ukakaa juu. Halafu ukashuka taratibu, na fimbo ikarudi juu ya kabati.

Sijui nilisimama vipi. Nilikumbuka onyo la mwalimu mkuu, na nilikumbuka leso ya Mama, lakini miguu ilikuwa imekwisha kwenda. Nilitoa diski mfukoni, nikasimama mbele ya yule mtu mrefu.

"Nimekuona, Mwalimu," nikasema. "Umeinua mkono, ukaushusha."

Akainama kama ainamavyo mlangoni, nami nikamvisha.

Mwalimu mkuu alikuwa akipita, akausikia ukimya wetu, jambo geni kwa darasa lile. Akasimama mlangoni. "Okeyo, ni nini hicho shingoni?" Hakungoja jibu. Macho yake yalishanifikia. "Nani amemvisha mwalimu wake hicho kitu?"

Nilifungua mdomo. Mwalimu Okeyo akaniwahi, na akajibu kwa Dholuo, wazi, kila mtoto akasikia: "Mara, jaduong'." Ni yangu, mzee.

Darasa zima lilishikwa na kicheko cha kukatika mbavu. Mwalimu amesema Dholuo, na diski iko shingoni mwake! Mwalimu mkuu alinisahau kabisa. Alimwita ofisini, na tuliwaona wakivuka uwanja wenye madimbwi, diski ikimcheza kifuani, maana hakuivua.

Hapakusemwa tena habari ya kunifukuza. Madam Nafula alimaliza muhula akaondoka, utafiti wake ukaitwa upuuzi wa watu wa Nairobi, na fimbo ikarudi. Mwalimu Okeyo hakuwapo tena kuishika. Alikuwa amehamishiwa shule ya mbali. Mimi nilidhani amepandishwa cheo, nikamfurahia.

Nikakua, nikamaliza sekondari, nikawa baba. Siku moja kijana wangu mdogo alivunja redio yangu, na dada yake akasimama mbele yangu, kidevu juu, akasema ni yeye. Nilijua si yeye. Niliinua mshipi, na mkono wangu haukushuka taratibu. Aliinuka bila chozi, akanitazama kwa jicho nililolitambua. Sasa ameolewa Port Victoria. Hunisalimu kwa heshima, na heshima ndiyo yote anayonipa. Nilimwomba msamaha nikiwa nimechelewa sana.

Lile jicho ndilo lililonifungua akili. Mwalimu Okeyo hakuteleza ulimi. Alisimama mbele yangu akasema Dholuo kwa makusudi, mbele ya aliyeweza kumwadhibu, kama nilivyosimama mbele ya Ouma. Alikuwa ameniona muda wote, na mchezo aliujua.

Basi, mzee mwenzangu, ndiyo, nilichapwa. Lakini yule mtu unayemsema, aliyejiweka mbele ya Ouma, fimbo haikumzaa. Ilimkuta. Kilichozaliwa na fimbo ni mkono wangu ule wa siku ya redio, nami nimeona ulichokifanya.

Mkutano mwingine ni mwezi ujao. Nitaketi benchi la mbele, na hawataninyamazisha kwa kicheko.