Fuko wa Isansa

"Nitamwimba Jumbe mbele ya Jumbe, na yeye mwenyewe atanituza!"

Anyosisye alitamba hivyo kilabuni Isansa, kata ya komoni mkononi, watu wote wakisikia. Komoni ni pombe ya ajabu: jioni inakukopesha ujasiri, asubuhi inakuja kuudai. Watu walicheka hadi wakamwaga. Walimjua. Alikuwa na mahindi, miche michache ya kahawa, na zeze alilolipenda kuliko jembe.

Wimbo wenyewe ulihusu fuko. Fuko ana shamba, ila hachimbi. Anawaita panya wachimbe kwa jina la Mfalme, mihogo ikikomaa anakula peke yake. Isansa nzima ilimjua huyo fuko. Serikali ya Mwingereza ilikuwa imeamuru matuta ya kuzuia mmomonyoko, na Jumbe Osward ndiye aliyepanga zamu. Kwa maajabu ya Mungu, kila zamu iliangukia kwenye kahawa yake. Aliyelalamika alilala mahabusu.

Siku ya baraza ilipokaribia, tarishi akaleta habari: Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, amesikia kuna wimbo wa fuko, anataka kuimbiwa.

"Nani kamwambia?" Anyosisye aliuliza.

"Na nani ambaye hukumwambia?" mkewe Nesta akajibu. "Si ulisema utatuzwa, baba Tabita? Haya, nenda kachukue tuzo lako."

Alitania, lakini alipokuwa akimfungia kibuyu cha zeze alifunga fundo, akalifungua, akalifunga tena.

Barazani, Bwana Shauri alikaa katikati, karani wa kutafsiri kushoto kwake, Jumbe kulia. Anyosisye aliwaza kumbadili fuko awe sungura. Haikuwezekana. Waitikiaji walikuwa nyuma yake, na kiitikio chao kilikuwa fuko tu. Akaimba. Wakaitikia kwa sauti ya msibani. Hakuna aliyecheka, mmoja alikohoa, wenzake wakamtazama kama kaua mtu.

Karani akatafsiri. Bwana Shauri akatabasamu, akasema neno.

"Bwana anauliza," karani akageuka, "huyo fuko ni nani?"

Kibofu cha Anyosisye kikaomba ruhusa.

Jumbe Osward ndiye aliyeinuka. "Ni fuko tu, Bwana. Mnyama wa shambani." Angekasirika, angekuwa amejitaja mwenyewe, na Bwana Shauri angetaka kwenda kuyaona hayo matuta. Kwa hiyo alifanya anavyofanya mtu yeyote aliyekunwa na mwimbaji: akatoa senti hamsini, akambandika Anyosisye kwenye paji la uso. Kwa jasho lile, sarafu haikuhitaji gundi.

Wanawake wakapiga vigelegele. Jumbe hakuondoa kidole. Alikikandamiza, akainama sikioni.

"Bwana anaondoka kesho, kijana. Mimi nabaki."

Anyosisye alirudi nyumbani akakata uzi wa zeze, akampa Nesta kibuyu atilie mbegu za maboga. Tangu siku ile hakutunga tena. Hata kanisani alichezesha midomo tu, na viatu vikisikika nje alifunga mlango kabla ya kuuliza ni nani.

Ile sarafu Nesta alikwenda nayo dukani, kijiji cha jirani cha Ruanda.

Chumvi, kopo moja, senti hamsini.