Samaki wa Mume Wangu Niliyemtibu Kilimi

Kosa ni langu, jamani, tena si dogo! Nimelificha tangu wakati wa vita, leo nalitapika.

Mume wangu ni fundi magari hapa mtaani Buyenzi. Alifuga samaki wa ziwani sebuleni, ndani ya sanduku la kioo. Mwezi ule dume alikufa, akabaki jike mmoja. Bwana akitoka kazini alimsalimu samaki kwanza, mimi baadaye. Wivu? Nilikuwa nao, sikatai!

Kule kusini alikowavua kulikuwa na risasi, hakwendeki. Siku anaondoka kwenda Uvira, ng'ambo ya mpaka, kutafuta vipuri akaniambia, "Mama Aisha, uyu ndiye wa mwisho. Umuchunge."

Kesho yake nikampa chakula, samaki akagoma kula. Koo limevimba! Nikamwita jirani yangu, Mama Zaina, akachungulia.

"Dada, iyo ni kilimi! Mutoto akivimba mu koo, akakatala kula, ni nini ingine?"

Kilimi, kile kinyama cha kooni, sisi tulikitibu nyumbani, wengine hata kwa kukikata. Kukata sikuthubutu. Nilimlaza samaki juu ya kitambaa kibichi, nikamfungua mdomo kwa kijiti cha kiberiti, nikatia chumvi. Lahaula! Vikamwagika vidudu vyenye macho, vinachezacheza.

Minyoo! Nikavitupa mferejini, Mama Zaina akapiga vigelegele. Samaki kurudi majini, akala kama aliyefunga siku nzima. Mimi daktari bwana!

Mume wangu aliporudi hata viatu hakuvua. "Balishatoka?"

"Kina nani?"

"Batoto! Uyu samaki anachungaka batoto yake mu kinywa. Nilitaka uone mwenyewe, ufurahi."

Kumbe ile minyoo yangu! Alitafuta nyuma ya kila jiwe la mle sandukuni, akatafuta tena.

"Amebakula," akasema, na machozi yakamtoka, mtu mzima yule. "Mama gani anakulaka batoto yake?"

Nami nikaenda kuchemsha chai! Nilimwachia samaki kesi yangu, eti kwa kuwa hana mdomo wa kujitetea. Nina aibu mpaka leo. Bwana alimrudisha ziwani, sanduku la kioo akaligeuza la kuwekea nati.

Nilisema nitamweleza akipoa. Akapoa, nikaogopa kumkoroga upya. Sasa watoto wetu wameoa na kuolewa, na kila akija mgeni husimuliwa habari za samaki mchawi aliyekula wanawe. Mimi ndiye ninayemimina chai.

Wenzangu, ukikosea sema siku ileile, kabla mumeo hajalizoea kosa lako akalipenda kama hadithi!