Ndiyo ya Akai

Akai alijua kusuka vikapu kabla hajajua kuhesabu. Msuko wake ulibana hata punje ya mtama haikupata pa kupenyea, na pale Kanamkemer, mtaa wa mji wa Lodwar, mtu akiona kikapu kilichokaa wima bila kulegea alisema tu, hicho ni cha Akai. Mumewe Emuria alichunga mifugo mbali huko Kaikor na kuonekana mjini mara chache. Chakula cha watoto kilitoka kwenye majani ya mti wa mkoma na vidole kumi vya mama yao.

Wakimbizi wa Sudan walipoletwa Kakuma mwaka wa tisini na mbili, soko lake nalo likahamia huko. Alipanda malori ya mizigo na mafungu yake ya vikapu, akauza kambini, akarudi Lodwar. Huko ndiko alikookota Kiswahili. Hakuna aliyemfundisha, alikipata katika kubishana bei. Mteja wake mkubwa, na baadaye rafiki yake, alikuwa Adhieu, mwanamke wa Kidinka mrefu kama mlingoti, ambaye hakununua kitu bila kukikashifu kwanza.

"Ejok, Mama Kikapu! Leo umeleta ya kweli ama ile ya kuvuja?" Adhieu alimsalimu kwa Kiturkana cha kuokota.

"Ejok-noi. Ya kuvuja nimewekea wewe, dada. Ifanane na mdomo yako."

Basi Adhieu alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akanunua viwili.

Mwaka wa tisini na tano Akai alishikwa na malaria kali. Majirani walimpeleka katika hospitali moja ya watu binafsi mjini Lodwar. Alilazwa akiwa anaweweseka, hajui aliko. Muuguzi, Sista Nakiru, alimfunga mpira juu ya kiwiko ili mshipa utokeze, akaupata mshipa, akaweka dripu. Kabla hajafungua ule mpira aliitwa wodi ya pili, ambako mama mmoja alikuwa akijifungua. Alimvutia Akai blanketi mpaka shingoni, kwa huruma, kwa sababu mgonjwa alikuwa akitetemeka. Kisha akaenda.

Hiyo ilikuwa saa sita mchana. Jua lilipozama Adhieu, aliyekuwa hospitalini hapo akimuuguza mtoto wa dada yake, alikuja kumjulia hali rafiki yake na kumshika mkono. Mkono ulikuwa baridi. Alifunua blanketi, akaona vidole vimekuwa vyeusi na mpira ungali umekaza. Alipiga ukelele uliowatoa watu hadi jikoni.

Daktari aliuokoa mkono kwa shida, lakini vidole vitatu vikakatwa, na viwili vilivyobaki havikukunjika tena. Ulikuwa mkono wa kulia.

Akai aliporudi nyumbani alijaribu kusuka kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ukishikilia. Kikapu kilichotoka kilikaa upande. Alikitazama, akakitia motoni.

Haukupita muda mrefu, Emuria akateremka kutoka Kaikor na habari aliyoiona njema. Kaka yake Sista Nakiru alikuwa amemfuata malishoni. Watu wa muuguzi walikuwa tayari kutoa mbuzi na ngamia jike, achinjwe mbuzi mmoja, watu wa pande mbili wale nyama pamoja, neno liishe.

"Ni haki," Emuria alisema. "Kila mtu atasema ni haki."

"Hiyo mbuzi itakuwa ya nani?" Akai aliuliza.

"Ya boma."

"Boma ni wewe. Mkono ilikuwa yangu."

Emuria aliguna. "Sasa unataka nini?"

"Nataka hospitali iulizwe. Mbele ya watu."

"Hospitali ni nyumba ya mawe, mke wangu. Haina kaka, haina mjomba. Nyumba ya mawe itakaa na sisi kula nyama?"

"Isikae. Ijibu tu."

Emuria alirudi kwa mifugo yake akitikisa kichwa, lakini mbuzi hakuwachukua. Alijua akiwachukua, hakuna mtu Turkana nzima atakayemsikiliza tena Akai. Neno likishaliwa nyama limekwisha.

Wakili aliyekubali kesi aliitwa Lomorukai, mzaliwa wa Kaikor aliyesomea sheria Nairobi na kufungua ofisi Kitale. Alimweleza Akai kwamba hospitali hujibu kwa makosa ya watu iliowaajiri, na kwamba kazi yao ilikuwa kuonyesha mambo mawili: kwamba hakuangaliwa, na kwamba hakuna alichofanya yeye mwenyewe kuleta madhara yale.

"Watasema ulionywa ukanyamaza," alimwambia. "Shika hapo. Kama hukuonywa, sema hukuonywa."

"Si nitasema! Kwani nimekatwa ulimi?"

Kesi ilisikilizwa Lodwar mwaka wa tisini na saba. Adhieu alipata kibali cha kutoka kambini, akaja amevaa nguo yake ya kanisani. Lopeyok, karani wa mahakama, alimuuliza Akai kama angetaka kutafsiriwa kwa Kiturkana.

"Kiswahili niko nayo," Akai alijibu kwa maringo. "Kakuma nauza nayo kila siku."

Mawakili wakauliza kwa Kiswahili, na hakimu akaandika kwa Kiingereza, kwa mkono, kama ilivyokuwa desturi. Mambo yakaenda vizuri mpaka wakili wa hospitali, mtu wa sauti ya upole, aliposimama.

"Mama, sista hakukuambia kwamba mkono ukiuma useme?"

"Ndiyo," alijibu Akai.

"Hakukuambia umwite?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Ahsante sana, mama." Wakili akaketi. Kalamu ya hakimu ilikuwa imekwisha kukimbia.

Wakati wa mapumziko Lomorukai alimvuta Akai kando ya ukuta wa mahakama, jasho linamtoka.

"Mama, umetumaliza! Kwa nini umekubali ulionywa?"

"Nani amekubali?"

"Wewe! Umesema ndiyo mara mbili."

"Ameuliza, hakukuambia? Nikasema ndiyo. Hakuniambia. Sasa ningesema hapana, si ni kama aliniambia?"

Lomorukai alikuwa ameisikiliza ile ndiyo kwa masikio ya Nairobi, masikio ya Kiingereza, ambako anayejibu ndiyo kwa swali la 'hakukuambia?' amesema aliambiwa. Mama yake mzazi, pale Kaikor, angejibu vilevile neno kwa neno.

"Huyu wakili yako alilelewa na nani?" Adhieu alimuuliza Akai, akimtazama kijana kutoka juu.

Waliporudi ndani Lomorukai aliomba kumuuliza mteja wake tena, na Akai akatamka wazi kwamba hakuambiwa neno. Wakili wa hospitali alitabasamu. Alimwomba hakimu azingatie kwamba asubuhi mdai alisema hivi na baada ya kuzungumza na wakili wake amesema vile. Hakimu aliyaandika yote mawili, kisha akamtupia Akai jicho. Akai alielewa sura ile. Ndivyo wateja wanavyomtazama mchuuzi waliyekwisha kumwona mwongo.

Kisha akaitwa Sista Nakiru, shahidi wa hospitali. Alikuwa amekonda tangu Akai alipomwona mara ya mwisho. Lomorukai alimuuliza taratibu, kama anayekanyaga kwenye miba.

"Sista, baada ya kuweka dripu hukurudi tena kwa mama huyu mpaka zamu yako ikaisha?"

"Ndiyo."

Hakimu aliandika. Wakili wa hospitali alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kwa masikio yake, shahidi wake alikuwa amesema alirudi.

"Ulirudi saa ngapi, sista?"

Nakiru alimtazama kama mtu anayechezewa. "Sikurudi. Si nimesema ndiyo?"

Kicheko kilianzia kwa Lopeyok, ambaye hakupaswa kucheka, kikazunguka mabenchi. Hakimu aliiweka kalamu chini. Alimtazama muuguzi, akamtazama Akai.

"Wakili," alimwambia yule wa hospitali, "shahidi wako alirudi au hakurudi?"

"Mheshimiwa, nadhani... hakurudi."

"Basi na mdai hakuambiwa." Alirudisha kurasa nyuma, akakata mistari miwili, akaandika upya.

Kicheko kilikuwa hakijatulia Nakiru alipoendelea kusema bila kuulizwa. "Sikurudi kwa sababu nilikuwa peke yangu. Wodi mbili, mimi mmoja, tangu asubuhi. Nilimwambia matron. Nilimwambia na meneja. Waliniambia nivumilie."

Wakili wa hospitali alimwashiria anyamaze. Hakunyamaza mpaka alipomaliza.

Nje ya mahakama Nakiru alimkuta Akai kwenye bomba, akingojea zamu yake ya maji. Walisimama bila kuangaliana.

"Mama, ule mpira ni mimi niliusahau," Nakiru alisema.

"Najua."

"Kaka yangu alileta mbuzi."

"Najua pia. Ningekula hiyo mbuzi, wewe peke yako ungekuwa na makosa."

Hukumu ilisomwa baada ya miezi kadhaa. Hakimu aliona kwamba mgonjwa hakuonywa wala hakuangaliwa, na kwamba uzembe ulianzia kwa walioacha mtu mmoja abebe kazi ya watu watatu. Hospitali iliamriwa kumlipa Akai fidia, ikalipa kwa kuvutwa. Alifungua kiduka cha sukari na majani ya chai pale Kanamkemer, na vikapu akawa ananunua kwa wengine na kumpelekea Adhieu, aliyevikashifu kwa haki safari hii.

Sista Nakiru alikuwa ameachishwa kazi hata kabla ya hukumu. Mahali pake aliajiriwa msichana mmoja, naye akapewa wodi zote mbili. Akai alipopata habari hizo alifunga duka mchana kweupe, akamfuata Lomorukai ambaye siku hiyo alikuwa mahakamani kwa kesi nyingine.

"Nataka kushtaki tena."

"Nani ameumia, mama?"

"Bado."

Lomorukai alimweleza, kwa aibu kidogo, kwamba mahakama haiwezi kupokea dai la mtu ambaye hajaumia. Akai alimsikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo hakuna kitu unaweza kufanya?"

"Ndiyo," alisema wakili.

Safari hii walielewana. Akai alijifunga shuka yake, akashika njia ya hospitali, kumtafuta yule msichana kabla zamu yake haijaanza, amwonyeshe mkono wake.