Tupa ya Mikidadi na Mguu wa Sikuzani

Ruangwa nzima ilimjua Mikidadi Nampoto kwa mambo mawili: ukimya wake, na tabia yake ya kupapasa. Akikaribishwa nyumbani kwa mtu, kabla hajakaa mkono umeshapita juu ya kiti. Akipewa kikombe cha chai, anakizungusha viganjani taratibu mpaka mwenye nyumba anashikwa na wasiwasi kwamba labda hakikuoshwa vizuri. Kikombe hakikuwa na neno. Ni mkono tu uliozoea kutafuta palipobonyea na palipovimba. Wapo waliomcheka, na haki yao, maana mtu mzima kupapasa baiskeli ya mwenziwe kama anayekagua mbuzi wa kununua si jambo la kila siku.

Mkono huo aliupata Nachingwea, wakati wa Karanga. Mwaka wa arobaini na nane Wazungu walikuwa wanataka kugeuza pori lote kuwa shamba moja la karanga, na vijana walimiminika kutafuta kazi, kutoka Mkotokuyana, Chunyu, Mbwemkuru, kila mahali. Wengi walitupwa kwenye kung'oa visiki. Mikidadi naye angetupwa huko, ila siku aliyofika mvua ilimkuta mlangoni mwa karakana, akaingia kujikinga, na mtu akamwambia ashike mlango wa lori wakati unagongwa nyundo. Akaushika. Mvua ikakatika, yeye hakutoka tena.

Kazi yao ilikuwa kunyoosha miili ya magari. Malori na matrekta yalirudi kutoka porini yamekunjamana, madigadi, yale mabati ya juu ya magurudumu, yamefumuka, boneti zimebonyezwa na magogo. Msimamizi wao alikuwa Mzungu mfupi waliyemwita Bwana Kifupi, ambaye katika Kiswahili chote alichukua maneno mawili akaona yanamtosha: "bado" na "basi". Kwa maneno hayo mawili alimfundisha Mikidadi ufundi wote. Siku moja akamkabidhi tupa.

Haikuwa tupa ile ya kunolea jembe, chuma kilichonyooka ambacho ukikilazimisha kinavunjika. Hii ilikuwa bapa refu jembamba, lenye meno yaliyopinda kama kucha zilizopangwa mstari, limefungwa chini ya kishikio cha chuma chenye skrubu ndefu katikati. Ukizungusha skrubu, bapa linajikunja kidogo kidogo, mpaka meno yote yanalala juu ya tumbo la digadi kama kiganja kinavyolala juu ya goti.

Mikidadi aliipenda tangu siku ile. Alijifunza kupaka bati masizi ya chungu, kisha kuipitisha tupa mara moja, kwa mkono mwepesi. Palipong'aa ndipo palipovimba. Palipobaki peusi pamebonyea, na hapo unarudi na nyundo. Mwenye pupa alisugua mpaka kila mahali pang'ae, akaja kushtuka bati limetoboka. Mikidadi hakuwa na pupa. Bwana Kifupi alikuwa akipita, anaweka kidole juu ya digadi, anasema "bado". Na Mikidadi anarudi kugonga, anapaka tena masizi, anapitisha tena, mpaka ile "basi" itoke. Kwa miaka yote ile skrubu aliizungusha upande mmoja tu, upande unaolipa bapa tumbo la kuingia ndani, maana gari kwa nje limevimba, na nje ndiko watu wanakotazama.

Karanga haikufika mbali. Mwaka wa hamsini na moja wakubwa walikubali kwamba mambo yamewashinda, wakafunga virago, na sehemu kubwa ya mashine ikabaki kwenye lundo la chuma kuliwa na kutu. Bwana Kifupi alimkuta Mikidadi akiifuta ile tupa ili airudishe. Akaisukuma ile tupa kifuani kwa Mikidadi. "Basi," akasema, akaondoka bila kugeuka.

Mikidadi akarudi Ruangwa kwa mkewe Sikuzani na binti yao wa pekee, Mwanawetu. Akawa fundi wa baiskeli, masufuria na lori la mara mojamoja. Sikuzani alikuwa kinyume chake kabisa: msemaji, mcheshi, na ngoma ikilia hakuna aliyeweza kumshika. Majirani walikuwa wakisema kwamba Mungu aliwapa watu wawili maneno ya kutosha wawili, ila aliyapakia yote kwa mmoja.

Nyoka kifutu alimuuma Sikuzani kwenye shamba la ufuta, wakati wa kuvuna. Wakamfunga mguu kwa kamba, wakampa dawa za mizizi, na walipomfikisha hospitali ya misheni mguu wa kulia ulikuwa umeshaoza. Wakaukata chini ya goti. Alirudi nyumbani na mkongojo, na kigutu akikifunika kwa kanga usiku na mchana. Hakulia mbele ya watu, ila kile kicheko chake cha kusikika mpaka kwa jirani kilikatika, na nyumba ikawa na watu wawili wakimya.

Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, Mwanawetu akaingia unyago. Kule, siku mwali anapotolewa, analetwa uwanjani amefunikwa nguo gubigubi, macho chini, na haruhusiwi kuyainua wala kusema neno mpaka mama yake mzazi acheze mbele yake na kumshika mkono. Bibi Fatu, nyakanga aliyekuwa akiwafunda wasichana, alikuja nyumbani kwa upole wake wote.

"Mama Mwanawetu, usijitese," alisema. "Mdogo wako Mwamini atacheza badala yako. Naye ni mama wa mtoto. Hakuna atakayenuna."

Sikuzani alimshukuru, akamsindikiza kwa mkongojo hadi njiani. Aliporudi alikaa chini mbele ya mumewe.

"Baba Mwanawetu, mwali anaangalia chini. Chini kuna miguu, hakuna kingine. Mimi nilipotolewa sikuuona uso wa mtu, niliona miguu ya mama yangu kwenye vumbi, nikajua nimefika nyumbani. Mwanangu ataona nini? Mguu mmoja na fimbo. Au miguu ya Mwamini, adhani mama yake amekufa na wanamficha." Akaikaza kanga juu ya kigutu. "Nataka aione miwili."

Alfajiri Mikidadi alipanda baiskeli akaenda Nachingwea.

Kasmiri, mwenzake wa zamani wa karakana, sasa alikuwa seremala wa parokia. Walizunguka pamoja kwenye lile lundo la mashine za Karanga mpaka wakapata kifuniko cha injini cha bati jepesi, lile la kutengenezea masufuria. Kasmiri akakubali kuchonga wayo wa mti, wenye vidole na kila kitu. Lakini alimtazama rafiki yake kwa mashaka.

"Ndugu yangu, wewe fundi wa magari. Mama Mwanawetu si gari."

"Najua."

"Wewe unajua. Sijui kama hiyo mikono yako inajua."

Mikidadi alipima mguu mzima wa mkewe kwa kamba, akaugeuza kichwani kama alivyozoea kutoa digadi la kulia kwa kutazama la kushoto. Akakata vipande viwili, cha mbele na cha nyuma, akavifinyanga kwa nyundo juu ya gogo. Halafu akachukua tupa. Alipaka masizi, akapitisha, akagonga, akapaka, akapitisha, na kila alipojiambia "bado" alikuwa na furaha ambayo hakuwa ameionja tangu Nachingwea. Vipande vikaungwa kwa ribiti, vile vijimisumari vya kushonea bati, wayo wa Kasmiri ukafungwa chini, na sufi ikatandikwa ndani. Ulikuwa mguu wenye muundi na shavu lake, unang'aa, hauna kovu. Watu walikuja kuutazama. Mikidadi akausimamisha juu ya kinu ili wauone vizuri.

Sikuzani akauvaa, akavuka ua bila mkongojo. Wanawake wakapiga vigelegele. "Mzuri," alisema. "Mzuri sana, Baba Mwanawetu." Akatabasamu.

Zikapita siku. Mikidadi aliona mkewe anauvaa watu wakija tu, wakiondoka anauvua haraka. Alidhani ni ugeni wa kitu. Mpaka mchana mmoja alipopita uani akamkuta anafua kitambaa, na maji ya beseni yalikuwa mekundu.

"Nini hicho?"

Sikuzani akavuta kanga kufunika kigutu. Kisha akachoka kuficha. "Unanikata. Tangu siku ya kwanza unanikata."

"Kwa nini hukusema?"

"Jioni ulikuwa unaufuta kwa kitambaa, uso wako umechangamka. Ningesemaje?"

Mikidadi aliuchukua ule mguu, akaingiza mkono ndani, na kwa mara ya kwanza akapapasa upande ule. Kulikuwa na vilima vya nyundo, vichwa vya ribiti, na ukingo mkali. Sufi ilikuwa imelala kama haikuwekwa. Kote nje alipiga tupa, na ndani hakugusa, kwa sababu katika kazi yake yote hakuna mtu aliyewahi kukaa ndani ya digadi. Alikuwa amemtengenezea mkewe kitu cha kutazamwa na majirani. Aibu iliyompata haikuwa ndogo. Alitamani Bwana Kifupi atokee amtukane, lakini Bwana Kifupi alikuwa kwao, naye alibaki na tupa yake.

Akaitazama ile skrubu. Akajaribu kuizungusha upande ule mwingine ambao haikuwahi kuzungushwa. Ikagoma. Akaitia mafuta ya ufuta, akaiacha, akarudi, akaitia tena, mpaka ikalegea. Bapa likanyooka, kisha likaanza kutoa tumbo nje, likawa linaweza kulala ndani ya bonde kama lilivyokuwa linalala juu ya kilima. Akakata ribiti zote, akaufungua mguu vipande viwili.

"Kaa hapa," alimwambia mkewe. "Na hiyo kanga iondoe."

Sikuzani akasita. Tangu hospitali hakuna aliyekiona kile kigutu, hata yeye mume. Mikidadi alikuwa amepapasa kila chombo cha Ruangwa, lakini pale hapakufika mkono wake, na Sikuzani alikuwa amejipa sababu yake mwenyewe: mume anachukizwa. Haikuwa hivyo. Aliogopa. Aliogopa kugusa mahali ambapo akiharibu hakuna nyundo ya kurudisha.

Kanga ikaondoka. Mikidadi akaweka kiganja chake pale, taratibu, akapita kwenye mfupa, kwenye kovu, kwenye vidonda vipya alivyovitia yeye, na machozi yakamtoka bila kujificha.

"Nisamehe, Mama Mwanawetu."

"Fanya kazi," alisema Sikuzani, naye analia. "Siku zinakwisha."

Wakangoja vidonda vikauke. Kisha akapaka masizi ndani ya bati, akavibana vipande kwenye kigutu kwa kamba, mkewe akasimama, akavua. Ngozi ilipotoka na weusi, hapo bati limevimba.

"Hapa?"

"Hapo."

Akapitisha tupa. Wakajaribu tena. Kazi ikaenda hivyo, bati likiulizwa, ngozi ikijibu, na katika kuulizana huko Sikuzani akaanza tena kusema maneno yake mengi, na mara moja akacheka.

Lakini bati lilikuwa limeshaliwa kwa nje kwa ajili ya urembo, na sasa linaliwa ndani. Karibu na muundi mwanga ukaanza kupenya. Likipasuka uwanjani, ndiyo mwisho. Mikidadi hakuwa na bati jingine la namna ile, na muda wa kwenda Nachingwea haukuwepo. Akaviunga tena vile vipande viwili, akakata kipande cha debe, akakipigilia kwa nje kwa ribiti nene, kiraka kibaya, cheusi, katikati ya ule uso aliouhangaikia. Kwa fundi kama yeye kilikuwa kama kutembea na shati lililopasuka. Akakiacha hivyohivyo.

Siku ya kuwatoa wali, uwanja ulijaa. Kasmiri alikuja kwa baiskeli, akasimama na Mikidadi upande wa wanaume. Ngoma zikabadilika mdundo, na wasichana wakaletwa wamefunikwa, wameinama. Mwanawetu alikuwa hajui lolote. Aliingia unyagoni mama yake akiwa wa mkongojo, na huko hakuna aliyemwambia neno.

Bibi Fatu akaita: "Mama wa mwali!"

Mwamini alikuwa amejiweka tayari, kama dada yake akishindwa. Sikuzani akampa mkongojo ashike, akatoka peke yake. Hakucheza kama zamani. Hakuruka, hakuzunguka. Alikanyaga mguu wake, akakanyaga wa bati, akakanyaga wake, mdundo baada ya mdundo, mpaka akafika mbele ya nguo ile iliyoinama. Hapo akasimama, jasho linamtiririka, ameiweka miguu miwili pamoja kwenye vumbi.

Chini ya nguo Mwanawetu aliuona mguu wa kushoto, na kidole gumba kilichokosa ukucha tangu jembe lilipokipiga. Aliujua. Pembeni yake akaona mwingine.

Mwali haruhusiwi kusema, wala kuinua macho, naye hakuvunja mwiko wowote. Alipiga magoti tu. Mkono mmoja ukatoka chini ya nguo, ukaanza kupapasa lile bati, taratibu, kuanzia kwenye wayo wa mti, kupanda kwenye muundi, ukafika kwenye kile kiraka kibaya, ukatulia hapo. Hata wale waliokuwa wakimcheka Mikidadi walijua huyu ni mtoto wa nani.

"Simama, mwanangu," Sikuzani alisema, akamshika mkono. "Ni mimi."

Kasmiri akamgeukia rafiki yake. Mikidadi alikuwa akiviangalia viganja vyake, ameviacha wazi, havitafuti kitu.

"Basi," alisema.